Hesabu Miguuni mwa Mdogo Wangu

Afisa utamaduni wa wilaya alipokuja Nkololo kutafuta mchezaji wa kumpeleka chuo cha sanaa, alimnyooshea kidole mdogo wangu. Nilikuwa nimesimama mbele yake kidogo, jembe begani, natokwa jasho kama yeye, nimecheza ngoma ile ile kwa muda ule ule. Kidole kilipita karibu na sikio langu kikaenda kwake.

"Yule," alisema.

Manju wetu, yaani kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo zetu, alitabasamu kama mtu aliyejua jibu kabla ya swali. Kisha afisa akauliza habari ya elimu. Mdogo wangu alikuwa ameishia darasa la saba. Chuo kilitaka kidato cha nne. Afisa akakunja karatasi yake, halafu akauliza kama kuna mwingine. Baba akanisukuma mbele.

"Huyu ana cheti," alisema.

Ndivyo nilivyokwenda pwani kusomea ngoma. Nilipelekwa na cheti, miguu ilinifuata tu. Mdogo wangu hakulia. Alinifungia mwenyewe sanduku la bati, akanijazia mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, akaniambia nikirudi nije na mitindo mipya. Nilikuwa na miaka ishirini, yeye kumi na saba. Njia nzima nilijiambia kwamba nimechaguliwa. Nilijiambia mara nyingi mno, hata nilipofika pwani nilikuwa karibu kuamini.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia kila mahali. Chuoni tuliambiwa tuanze kuchangia gharama zetu wenyewe. Kwetu, pamba iliyokuwa ikinunuliwa na ushirika peke yake tangu utoto wangu ilianza kununuliwa na kila mwenye lori na mizani. Mimi nilikuwa mbali na hayo. Nilijifunza kuhesabu mpaka nane na kurudi kwenye moja. Nilijifunza majina ya misuli. Nilijifunza kuiandika ngoma kwenye daftari, mstari kwa mstari, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, mkono, shingo. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, wa aina ile ambayo walimu husifia daftari lake.

Mwishoni mwa mwaka wa pili tulipewa kazi ya mtihani: kila mmoja atunge ngoma ya mtu mmoja na aicheze mwenyewe. Mwalimu wetu wa utunzi alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye alikuwa hasifu mtu kwa neno zaidi ya "sawa".

"Nendeni nyumbani likizo hii," alituambia. "Tafuteni kitu ambacho miili yenu ilikijua kabla hamjanijua mimi. Na mtakapokaa na wachezaji wa huko, muwe na adabu. Mtu anayecheza bila kujua anafanyaje, usimvunjie hatua yake vipande vipande wakati ana ngoma mbele yake. Utamharibia."

Niliandika hilo nalo kwenye daftari. Nakumbuka hata upande wa ukurasa.

Siku hizo Bariadi ilikuwa wilaya tu, mkoa wetu ulikuwa Shinyanga. Niliposhuka mjini sikuyatambua maduka. Kila baraza lilikuwa na marundo ya mitumba, na kila duka lilikuwa na redio kaseti yake, zote zinapiga kwa pamoja. Nilifika Nkololo siku iliyofuata asubuhi, nikamkuta mama anaanika michembe juu ya mawe nyuma ya nyumba. Nikamwamkia Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wanone. Mhola?"

"Mhola duhu."

Akanishika mikono, akanigeuza huku na huku kuona kama nimenenepa. Nikamuuliza mdogo wangu yuko wapi.

"Yuko kwenye mizani," mama alisema. "Siku hizi yuko huko kila siku. Hujasikia? Watu wanatoka mpaka Nkoma kuja kumwona."

Sikuwa nimesikia. Niliacha sanduku mlangoni, nikaenda.

Kampuni moja ya watu binafsi ilikuwa imefungua kituo cha kununulia pamba pale njia panda, hatua chache tu kutoka ghala la chama cha msingi cha ushirika. Ili wakulima walipite ghala na wapeleke pamba kwenye mizani ya kampuni, walikuwa wamekodi ngoma yetu. Ngoma kubwa zilikuwa zimepandishwa juu ya bodi la lori. Wachezaji walikuwa chini, katikati ya magunia, wamevaa fulana za kampuni. Manju naye alikuwa na yake, imembana tumboni.

Walikuwa wanacheza bugobogobo, ngoma ya majembe. Wachezaji hujipanga mstari, huilima hewa, huzungusha majembe, huyarusha na kuyadaka kwa pamoja. Nilikuwa nimeicheza tangu utotoni na nilijua kila kitakachofuata. Halafu mstari ukarudi nyuma, akabaki mdogo wangu peke yake mbele.

Akalirusha jembe juu kuliko nilivyowahi kuona mtu akirusha. Watu wote wakalifuata kwa macho. Yeye akaligeuzia mgongo. Akatembea hatua mbili kama mtu anayekwenda kuchota maji, akapiga kisigino mara moja, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, na mpini ukaingia kiganjani mwake.

Watu hawakushangilia mara moja. Kwanza kulikuwa na kimya, kifupi kama nusu ya pumzi, ndipo vigelegele vikaja. Kimya kile ndicho kilichoniumiza. Vigelegele nilishawahi kupata mimi pia. Kimya kile sikuwahi kukipata popote, nyumbani wala chuoni.

Nikajikuta natafuta makosa. Bega lake la kushoto lilikuwa juu mno. Magoti hayakukunjwa sawasawa. Shingo ilikuwa imekaza. Niliyaokota makosa yake moja moja kama mtu anayechambua mchele, na kila nililolipata lilinipa nafuu ndogo isiyodumu.

Alipomaliza aliniona. Akalitupa jembe chini, akaja mbio, akanikumbatia mbele ya watu wote.

"Dada! Umekonda! Kwani pwani hawali?"

Akawageukia wachezaji wenzake na kuwaambia kwa sauti, "Huyu ndiye dada yangu anayesomea. Yeye anajua ngoma kwa kitabu." Alisema kwa fahari kabisa. Nilitabasamu. Nilikuwa nanuka vumbi la safari, na yeye alikuwa ananuka jasho la kazi, na nilitamani kubadilishana naye hata hilo.

Nilihitaji mahali pa kufanyia kazi. Mwenyekiti wa chama cha msingi alinipa ufunguo wa ghala bila kuuliza maswali.

"Chukua tu, mwanangu," alisema. "Humu pamba haiji tena."

Ghala lilikuwa kubwa na tupu, sakafu ya saruji, nyuzi za pamba ya misimu iliyopita zimeganda kwenye pembe. Kila asubuhi nilijifungia humo na daftari langu. Nilianza na ngoma ya mwanamke anayepalilia. Siku tatu nzima nilipalilia saruji ile, nikaona ni mazoezi ya viungo. Nikaiacha, nikajaribu ngoma ya mtu anayesubiri mvua. Nilikuwa na mwanzo mzuri, nimelala chini, kiganja kimeangalia juu. Lakini nikishainuka sikujua kwa nini nimeinuka. Nilijaza kurasa sita kwa mishale na namba. Kila nilichokifanya kilikuwa safi, na usafi wenyewe ulinichosha. Kutoka njia panda ngoma za lori zilisikika, halafu zinakoma ghafla, halafu vigelegele. Hata bila kuwapo nilijua jembe liko wapi. Nilisimama katikati ya ghala na kalamu mkononi mpaka lidakwe.

Mchana mdogo wangu aliniletea chakula, ugali na maziwa mgando. Alikaa mlangoni, miguu nje, kichwa ndani.

"Dada, unahesabu nini muda wote?"

"Hatua."

"Zimepotea?"

Alicheka mwenyewe. Kisha akaomba nimwonyeshe. Nilikataa siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu nikacheza, ile ya mvua, kuanzia mwanzo mpaka pale nilipofika. Aliangalia kwa makini, kidevu juu ya goti.

"Unacheza vizuri sana," alisema. "Kama watu wa redioni wanavyosema Kiswahili."

Hakuwa na nia mbaya. Kwetu mtu wa redioni ndiye aliyesema vizuri kuliko wote. Lakini sote wawili tulijua hakuna mtu wa Nkololo anayezungumza vile akiwa na njaa, au akiitwa kuambiwa ng'ombe amezaa. Nilikula ugali ule bila kumtazama.

"Ile ya kutupa jembe uliipata wapi?" nikamuuliza.

"Shambani. Nilikuwa nimekasirika. Nikalitupa juu nikaondoka. Likanifuata."

"Ulikasirika nini?"

"Sikumbuki. Mbuzi walikuwa wameingia kwenye mahindi, nafikiri."

Mimi nilikuwa nimetafuta wiki nzima na kurasa sita. Yeye alipewa na mbuzi.

Nikamwambia ninaihitaji kwa kazi ya chuo, anionyeshe polepole niiandike. Hilo lilikuwa kweli, na alifurahi sana. Alikuja na jembe lake kesho yake asubuhi kabla ya kwenda kwenye mizani. Nikamfanya airudie mara kumi.

"Unajuaje wakati wa kunyoosha mkono?"

"Najua tu."

"Hapana. Ukilirusha, ni ya ngapi?"

"Ya ngapi nini?"

"Hesabu. Rusha, halafu hesabu na mimi. Moja, mbili..."

Alijaribu kunifurahisha. Akarusha, akahesabu, akanyoosha mkono, jembe likaanguka kwenye saruji likatoa cheche. Akacheka. Akajaribu tena. Nikamwambia kisigino kinakuja kwenye tatu. Nikamwambia alishushe bega la kushoto. Nikamuuliza uzito wake uko mguu upi jembe likiwa juu, akasimama akafikiri, mdogo wangu ambaye sikuwahi kumwona akifikiri kabla ya kunyanyua mguu. Siku ya pili alikuwa ameshaijua hesabu. Siku ya tatu niliona midomo yake ikitembea anaporusha.

Niliona, na sikusema kitu. Jumapili ile kulikuwa na mashindano Bariadi. Maneno ya mwalimu yalikuwa kwenye daftari nililolishika mkononi, ukurasa wa kushoto, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Mashindano ya kwetu hayana waamuzi wa kukaa mezani. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watazamaji huhama. Ngoma inayobaki na watu ndiyo imeshinda. Jumapili ile watu walianza kujaa upande wetu hata kabla ya ngoma kupigwa, kwa sababu walikuwa wamesikia habari za msichana anayeligeuzia jembe mgongo. Wapinzani wetu walikuwa wanacheza mbele ya watu wachache na ng'ombe waliofungwa. Mama alikuwa amevaa khanga mpya. Mimi nilisimama naye mstari wa mbele.

Mstari ukarudi nyuma. Mdogo wangu akabaki peke yake, akalirusha jembe, akageuka. Alikuwa ametugeukia sisi, kwa hiyo niliiona midomo yake. Moja. Mbili. Tatu. Mkono ukatoka mapema. Ulikaa pale nyuma, wazi, ukisubiri, na yeye akashtuka, akasogea nusu hatua. Jembe likaja, mpini ukampiga begani, akapiga magoti.

Nataka kuandika nilichohisi kwa mpangilio wake, maana kwa miaka mingi sikumwambia mtu. Kwanza nilihisi wepesi. Ulianzia kifuani ukashuka mpaka tumboni, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani. Hofu ilikuja baada ya hapo. Huruma ilikuja mwisho kabisa, na ilikuja kwa sababu mama alipiga ukelele.

Watu walianza kuhama. Walikwenda kwa heshima mwanzoni, wachache wachache, kisha wengi. Nilikuwa sijawahi kusikia sauti ya miguu ya watu wengi ikiondoka kwa mtu. Manju aliendelea kuimba, akitutazama sisi tuliobaki mmoja mmoja.

Hospitalini walisema mfupa wa bega umepata ufa. Wakamfunga, wakamwambia asinyanyue kitu mpaka waseme wao. Alirudi nyumbani mkono ukiwa umening'inizwa kwa khanga ile mpya ya mama. Kampuni ilitafuta ngoma nyingine kutoka kijiji kingine. Siku za likizo zilizobaki nilifanya kazi zake zote: nilichota maji, nilivuna pamba, nilitwanga. Mama alinisifu kwa majirani. Kila sifa niliipokea nikiwa nimeinamisha kichwa, na waliona ni adabu.

Siku moja kabla sijaondoka nilikuwa namsuka nywele, maana hakuweza mwenyewe. Alikuwa amekaa kati ya miguu yangu, amenipa kisogo.

"Dada," alisema. "Ulinitia hesabu miguuni."

Alisema kama mtu anayekuambia chumvi imekwisha. Niliendelea kusuka.

"Utapona," nilisema.

"Bega litapona," alisema.

Nilirudi chuoni. Sikuwa na ngoma ya mvua wala ya palizi, nilikuwa na ile hatua yake. Nikajenga ngoma nzima kuizunguka. Nililitoa jembe, nikabaki na mkono mtupu unaonyooshwa nyuma kudaka kitu kisichokuwapo. Kwa hesabu nilikuwa hodari, na kwa kuwa hakukuwa na jembe la kunipiga, sikukosea hata mara moja. Nilipoionyesha darasani kwa mara ya kwanza wenzangu walipiga makofi. Mwalimu hakupiga.

"Umeitoa wapi?" aliuliza.

"Nimeibuni."

"Rudia."

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Mara ya nne alinyanyuka kitini, akaenda mpaka pembe ya kulia ya ukumbi, karibu na dirisha, akasimama pale.

"Mkono wako unajua kazi," alisema. "Lakini kila ukikaribia hatua ile macho yako yanakuja hapa. Yanakuja kuomba ruhusa. Hapa kuna nani?"

"Hakuna mtu, mwalimu."

"Basi iondoe hatua, uniachie macho."

Nilimchukia siku tatu. Siku ya nne niliingia ukumbini wakati wenzangu wako kwenye chakula, nikasimama, nikatazama ile pembe. Sikufanya kitu kingine. Niliona jinsi shingo yangu inavyogeuka: haigeuki yote, inaanza na kidevu, kinavutwa kama ng'ombe anayevutwa kamba. Niliona jinsi mguu mmoja unavyotaka kwenda na mwingine unavyoushika. Niliona mikono yangu ikijifungia kifuani bila kuambiwa. Vitu vyote hivyo nilikuwa navyo kabla ya chuo, kabla ya kidato cha nne, labda tangu siku mdogo wangu alipojifunza kutembea na watu wakapiga makofi.

Nilifanya kazi wiki tano. Niliacha daftari. Naam, nilijaribu kuandika siku ya kwanza, nikaona namba zinaanza kujipanga, nikalifunga. Niliiweka pembe ile tupu kama mchezaji wa pili, aliye bora kuliko mimi, na ngoma yangu ikawa kumtazama. Kidole kinapita karibu na sikio langu. Nakifuata kwa macho. Namwiga kidogo, nakatishwa. Namtafutia makosa, kichwa kinachungulia huku na huku kwa vitendo vidogo vya haraka, mpaka watu wanacheka. Kisha anaanguka, na mimi nasimama wima, mwepesi, mabega chini, nimependeza kwa mara ya kwanza tangu ngoma ianze. Nilibaki hapo, na uso wangu ule wa raha, mpaka waliokuwa wakicheka wakaacha. Sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Mara nyingi nilikimbilia kuinama na kusikitika, na mwalimu alinizuia.

"Usijisamehe haraka," alisema. "Simama hapo."

Siku ya mtihani nilipata kimya. Hakikuwa kama kile cha mdogo wangu pale njia panda. Chake kilikuwa cha watu waliosahau kupumua. Changu kilikuwa cha watu wanaoona aibu kutazamana. Nilikipenda hata hivyo. Matokeo yalipotoka nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa kijana mmoja wa mwaka wetu aliyecheza ngoma ya mtu anayevua viatu, na mpaka leo nikimkumbuka naona viatu vile vilimsaidia.

Kila mmoja alitakiwa aandike chanzo cha kazi yake. Niliandika "mdogo wangu". Mwalimu akaniita ofisini nimfafanulie, na pale nikamweleza yote, ghala, hesabu, midomo, Jumapili ya Bariadi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umemwambia yeye?"

"Bado."

"Hilo sasa si la mtihani," alisema, akanirudishia karatasi.

Nilipangiwa kufundisha shule ya msingi mjini Bariadi. Mdogo wangu aliolewa Nkoma, kwa watu wanaolima pamba, na huko alijiunga na ngoma ya kijiji. Bega lilikuwa limepona, ila hatua ile hakuicheza tena. Aliniambia mwenyewe tulipokutana msibani: alishajaribu mara mbili tatu akiwa peke yake shambani, lakini jembe likifika juu anasikia sauti yangu inahesabu. Alikuwa ametunga nyingine, ya kuzunguka na majembe mawili akiwa amechuchumaa, na vijana wa Nkoma walikuwa wanaiiga. Niliposikia kwamba ametunga nyingine nilihisi kitu kikinichoma pale pale pa zamani. Nilikuwa na miaka karibu thelathini, mwalimu mwenye ajira ya serikali.

Ilinichukua miaka sita tangu mtihani kwenda Nkoma kumweleza. Nilikwenda siku ya mapumziko, nikamkuta uani anachambua maharage, mtoto mgongoni. Nikamweleza nikiwa nimesimama. Nilimweleza ile siku ya tatu ghalani, kwamba niliona midomo yake na nilijua maana yake. Nilimweleza na ule wepesi.

Aliendelea kuchambua. Alitupa jiwe dogo, akatupa jingine.

"Nilikuwa najua la midomo," alisema. "Ulikuwa unaniangalia usoni, dada. Hakuna mtu anayeangalia uso wa mchezaji kwenye bugobogobo. La wepesi sikujua."

"Ndiyo."

"Na ngoma yenyewe uliyotunga, ndiyo hiyo habari?"

"Ndiyo hiyo."

"Nionyeshe."

Nikavua viatu. Nikacheza pale uani, kuku wakikimbia, bila ngoma ya kupigwa, uso wangu ukielekea kona ya ua palipokuwa na pipa la maji. Nilicheza yote. Nilipofika pale pa kusimama wima nilisimama, na nilimwona kwa upande wa jicho ameacha maharage.

"Pale kwenye pipa," alisema nilipomaliza. "Pale unaponitazama. Pana nani?"

"Pana wewe."

"Naona pipa."

Akanyanyuka, akamkaza mtoto mgongoni, akaenda akasimama mbele ya pipa, mikono kiunoni. "Haya. Anza tena."

Nikaanza. Ni vigumu kueleza ilivyokuwa. Kwa miaka sita nilikuwa nimeitazama pembe tupu, na pembe tupu haikuwahi kunirudishia macho. Nilifika kwenye kidole, nikafika kwenye kuiga. Nilipoanza kuchungulia makosa yake, mtoto alipiga chafya, na mdogo wangu hakucheka wala hakuhama. Alinitazama tu, kama alivyonitazama ghalani, kwa makini, bila huruma na bila chuki. Nilisimama hapo hapo. Sikuweza kufika kwenye kuanguka.

"Malizia," alisema.

"Siwezi ukiwa hapo."

"Na mimi siwezi ukiwa hapo," alisema. "Sasa umejua."

Akarudi kwenye maharage yake. Baada ya muda nikakaa kando yake, tukachambua wote. Aliniambia kwamba pale mwanzo ni parefu mno, kidole kingetosha mara moja. Nilimwambia nitapunguza. Halafu akaanza kunieleza habari za ngoma ya majembe mawili, jinsi vijana wanavyoanguka wakijaribu kuchuchumaa, na mikono yake ikaacha maharage ikaanza kuonyesha. Nilikuwa na maswali mengi. Nilitaka kujua uzito uko mguu upi. Nikayameza, nikatazama mikono yake, na mikono ilikuwa mizuri, na nilitamani ingekuwa yangu.